Jiwe Lililokataa Plasta

Wiki iliyopita kijana mmoja, katibu wa kamati ya jubilei ya kikanisa nilimosali utotoni kule Kawangware, alitutumia kijitabu kwenye kundi la WhatsApp la waumini wa zamani. Kurasa kumi na mbili, picha za rangi, na juu yake maneno "Historia ya Kanisa Letu". Akasema tukisome, na tukiona kosa la herufi tumwambie kabla hakijapelekwa kuchapishwa. Kosa la herufi! Nilikisoma nikiwa nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagikia jiko lote, wala sikuyajali. Ukurasa wa kwanza unasema kikanisa hicho "kilijengwa na familia ya walowezi wa Kijerumani kwa mikono yao wenyewe, jiwe juu ya jiwe."

Kwa mikono yao wenyewe. Nilikaa chini ya kuta zile utoto wangu wote, nikazigusa kwa vidole, nikaziegemea nikisinzia wakati wa mahubiri, na ninakwambia hakuna mlowezi aliyebeba hata karai moja la udongo pale. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini huu uongo umetembea miaka mingi na sasa unataka kupigwa chapa kwa karatasi ya kung'aa. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Ila nikisema kweli yote, nusu ya hasira hii ninajikasirikia mwenyewe, na ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Tulikuwa tunakaa kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati, sisi chumba cha mwisho karibu na choo. Wewe uliyekulia ploti unaelewa maana yake: unajua jirani amepika nini, amegombana na nani, na anaoga saa ngapi. Baba alikuwa fundi wa mjengo, Wafula jina lake, Mbukusu aliyekuja Nairobi na mwiko mmoja na mashati mawili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ungemuuliza jambo, angemaliza kikombe kizima cha chai kabla ya kukujibu, na jibu lenyewe lingekuwa "mm".

Mwenye ploti alikuwa Cucu Njoki, yaani Nyanya Njoki kwa Kikuyu, ajuza ambaye ukoo wake ulikuwa pale kabla ya barabara, kabla ya mabati, na kabla ya kahawa ya wazungu. Usidhani alikuwa nyanya mpole wa kusimulia hadithi. Alikuwa na ulimi wa pilipili, alitufinya masikio, na ukimwaga maji ya kufulia pasipo pake alikutukana wewe na ukoo wako mpaka wale waliokwisha kufa. Lakini ndiye aliyefagia kikanisa kila asubuhi, bila kuombwa na mtu, na sikumbuki mtu akimwambia asante.

Kikanisa kilikuwa ng'ambo ya mtaro tu, ndani ya ua wa miiba ya kayaba. Kilipojengwa palikuwa shambani kabisa, mji uko mbali. Mji ndio uliokuja wenyewe ukakizunguka kwa vibanda, bucha na mashine za kusaga. Kilikuwa cha mawe ya kijivu, baridi hata mchana wa Januari, paa la vigae na kengele moja. Ndani kulinuka ubani, nta ya mishumaa na mavi ya popo. Ukitoka kwenye vumbi na kelele ukaingia mle, masikio yalikuwa yanakuuma kwa ukimya. Karibu na altare kulikuwa na bamba la shaba lenye majina matano: Otto, Wilhelm, Gertrud, Franz na Hedwig.

Mimi nilidhani ni watakatifu. Ungedhani nini wewe? Majina yamewekwa hatua tatu kutoka kwa tabenakulo, yanang'arishwa na kitambaa kila Jumamosi, na hakuna mtu mtaani anayeitwa hivyo. Majina ya watu wetu yaliandikwa kwenye daftari za shule na kwenye misalaba ya mbao iliyooza baada ya mvua mbili. Basi litania ikiimbwa, mimi niliongeza wangu kimoyomoyo: Mtakatifu Otto, utuombee. Nilimpenda Otto kuliko wote kwa sababu jina lake lilikuwa fupi na niliweza kulisoma. Nilimwomba Mama apone kifua. Nilimwomba mwalimu wa hesabu augue, si sana, siku moja tu.

Siku moja nilikuwa nimepiga magoti mbele ya bamba, nikiomba kwa sauti kwa kuwa nilidhani niko peke yangu. Nyuma yangu ufagio ukanyamaza.

"Wee kasichana," Cucu Njoki akasema. "Unaomba nani hapo?"

"Mtakatifu Otto."

"Haiya!" Sikio langu likashikwa. "Mtakatifu? Huyo Otto alipiga baba yangu kiboko hapa hapa, juu ya kukaa chini akule kiazi. Ati mtakatifu! Ngai, hawa watoto wanafunzwa nini huko katekisimu?"

Akanivuta kwa sikio hilo hilo mpaka ukuta wa kushoto, nyuma ya benchi la tatu, akaniinamisha. Kwenye jiwe moja, usawa wa goti la mtu mzima, kulikuwa na alama iliyochongwa: mistari mitatu iliyokutana chini, kama mguu wa kuku. Alama za namna hiyo zilikuwa zimejaa kuta zote, hapa msalaba, pale pembe mbili, kule duara lenye kijiti. Watoto wakubwa walikuwa wametuambia ni kucha za shetani alipokuwa akiburutwa nje siku kanisa lilipobarikiwa, na mimi niliamini, hata nilipoegemea ukuta nilihakikisha mgongo haugusi hata moja.

"Hii ni jina ya baba yangu," akasema. "Njoroge. Hakujua kuandika, na hao wengine wote hawakujua. Kila mtu alikuwa na alama yake. Akimaliza kuchonga jiwe anaiweka, ndio nyapara akipata jiwe imekaa mbaya ajue ni ya nani, amrudishie. Mama yangu aliniambia baba hakurudishiwa hata moja."

"Alizikwa wapi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

Cucu akaliachia sikio langu. "Hakuzikwa. Hao wazungu walipoanza vita vyao wenyewe kwa wenyewe, alishikwa akabebe mizigo. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Hakurudi, na hatukuambiwa alianguka wapi. Picha hatuna, kaburi hatuna. Iko hii tu."

Akaweka kiganja chake juu ya ile alama, kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akarudi kufagia. Tangu siku hiyo nilimchungulia, nikaona kwamba hakuondoka hata asubuhi moja bila kuligusa jiwe lile. Nami nikamfuta Otto kwenye litania, na pale pake nikamweka Mtakatifu Njoroge. Nilimtaja kwa sauti kubwa Jumapili iliyofuata, katekista akanitazama kwa jicho baya mpaka nikainamisha kichwa.

Hayo yangeishia hapo kama barua isingekuja. Wajukuu wa wale walowezi walikuwa wameandika kutoka Ujerumani kwamba wangependa kuja kuona kanisa la babu zao. Looo! Mtaa mzima ulishikwa na wazimu. Mwenyekiti wa kanisa, mtu wa tumbo na mkoba, ambaye kwa bahati njema alikuwa pia muuzaji wa simiti, akasimama baada ya misa akasema ni aibu wageni kukuta kuta zenye mikwaruzo kama zizi la ng'ombe. Ukuta wote wa ndani utapigwa plasta, laini, kisha rangi ya krimu. Litaachwa bamba la shaba peke yake. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu wote walipiga, kisha nikakumbuka na mikono ikanigandia kifuani.

Na fundi aliyepewa kazi hiyo alikuwa baba yangu.

Cucu Njoki alifika mlangoni kwetu kesho yake asubuhi, kabla hata Mama hajawasha jiko. Hakuketi alipokaribishwa.

"Fundi," akasema, "hiyo jiwe yangu uiache."

Baba alikuwa anafunga viatu. "Cucu, si mimi. Ni komiti imesema."

"Mkono ni ya nani? Ni ya komiti?"

"Nimeambiwa ukuta wote. Mwenyekiti anakuja kukagua kila jioni. Nikiacha pahali, ataleta fundi mwingine, na huyo mwingine atachapa nyundo hizo alama zote ndio plasta ishike."

"Kwa hivyo utafunika baba yangu."

Baba akavuta kamba ya kiatu, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. "Cucu," akasema mwishowe, "mimi nitafanya kazi yangu."

Cucu akatema mate kando ya mlango, akaondoka. Baba alichukua ndoo yake akaenda. Nilikuwa na miaka tisa, na siku hiyo nilimwonea baba yangu aibu kwa mara ya kwanza. Niliona kuwa ni mwoga. Niliona kuwa mtu mnene mwenye mkoba akisema "funika", baba yangu anafunika.

Jumamosi ya wiki hiyo Mama alinituma nimpelekee chakula cha mchana. Nakumbuka bakuli la ugali na mboga ya kunde limefungwa kwa leso, joto lake tumboni mwangu. Nilipitia mlango wa sakristia. Kuta tatu zilikuwa tayari zimeshafunikwa, mbichi, zinanuka maji na simiti, na kikanisa kilikuwa kimekuwa kidogo ghafla, kama chumba cha mtu yeyote. Ukuta wa kushoto ulikuwa bado. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya benchi la tatu, mgongo umenielekea, na kwanza nilifikiri anasali. Nikasimama. Kisha nikaona mkebe pembeni yake na brashi mkononi.

Alikuwa akilipaka jiwe la Cucu kitu cheusi. Si plasta, si rangi. Ilikuwa oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa na magari gereji, na harufu yake ilinifikia pale nilipokuwa, nzito, ya kuungua. Alipaka polepole, akichovya na kurudia, akaingiza brashi mpaka ndani ya mistari ile mitatu. Mguu wa kuku ukawa mweusi tititi. Kisha akachukua mwiko, akatupia plasta juu, akailainisha kwa ubao mpaka usingejua kama pale pamewahi kuwa na kitu.

Niliweka bakuli sakafuni nikatoka mbio. Nilikuwa nimeona yote na sikuelewa hata chembe. Nilichoelewa mimi ni kwamba haikumtosha kulifunika. Alilipaka uchafu kwanza, kwa sababu Cucu alikuwa amemtemea mate mlangoni. Alikuwa anamlipiza mama mzee kisasi kupitia kwa baba yake aliyekufa. Ndivyo kichwa changu cha miaka tisa kilivyopanga mambo, na sikuwa na shaka hata kidogo.

Nilikimbia moja kwa moja mpaka kwa Cucu. Alikuwa akipepeta maharagwe. Nikamwambia yote, na nilipofika kwenye oili nikaanza kulia. Hakunifinya sikio siku hiyo. Aliweka ungo chini, akaniuliza mara moja tu, "Uliona na macho yako?" Nikasema ndiyo, kwa macho yangu. Na hilo lilikuwa kweli.

Baba aliporudi, Cucu alikuwa amesimama katikati ya ploti, na wapangaji wote wako milangoni.

"Wafula! Ulipaka baba yangu oili chafu?"

Baba akatua ndoo yake. Alitazama watu wote wale, akanitazama mimi nikiwa nyuma ya Mama, nikajua amejua ni nani aliyesema. Nilingoja anikemee. Hakunikemea. Hakukana pia.

"Mtoto wako amekuona!" Cucu akapiga kelele. "Sema basi! Uko na mdomo ama ulipewa mwiko tu?"

"Cucu, tafadhali, tuongee ndani," baba akasema. "Si hapa."

"Ndani ya nini? Nyumba ni yangu! Mwisho wa mwezi nisikuone hapa, wewe na mboga zako za mrenda!"

Mdomo huponza kichwa, husema wahenga, lakini mdomo wangu mimi uliponza vichwa vya familia nzima. Mwisho wa mwezi tulibeba kitanda, masufuria na godoro tukahamia Silanga, upande wa pili wa Kibera, karibu na bwawa. Asubuhi harufu ya maji yaliyokaa iliingia mpaka kwenye uji. Mama alinyamaziana na baba wiki mbili. Baba alienda mara moja kujaribu kuongea na Cucu. Alimkuta na wanawe wawili mlangoni, akarudi. Kuanzia hapo hakutaja tena jambo hilo, na mimi nilichukua kule kunyamaza kuwa ni kukiri.

Wageni walikuja na kuondoka. Tulisikia kwamba mwanamke mmoja mzee miongoni mwao aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa krimu, akazungumza na padre, na padre akatafsiri: anauliza mawe yako wapi. Mwenyekiti akatabasamu akasema mawe yako salama, yako ndani. Watu waliolisimulia hilo walicheka. Mimi leo silichekei hata kidogo. Watu wetu walifunika majina ya baba zao ili kuwapendeza wageni, na wageni wenyewe walikuwa wamekuja kuona mawe!

Mvua za masika zilipoisha, Mama alikwenda Kawangware kumwona rafiki yake, akarudi na habari. Tulikuwa tunakula.

"Wanasema plasta yako imeanguka," akamwambia baba.

Baba aliendelea kutafuna. "Imeanguka wapi?"

"Pale tu kwa jiwe la Cucu. Kwingine imeshika sawasawa. Mwenyekiti ameleta fundi mwingine akaziba harakaharaka, ikaanguka tena baada ya mwezi. Anaambia watu wewe ni fundi bandia."

"Na Cucu?"

"Cucu alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Ati baba yake amekataa kufunikwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na sasa hakuna fundi anayethubutu kulipiga nyundo."

Baba akasema "mm", akasogeza sahani, akaomba ugali mwingine. Nakumbuka hilo vizuri kwa sababu alikuwa si mtu wa kuongeza chakula. Alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Mimi nilimtazama nikajisemea, huyu hana hata haya.

Kikanisa kile hakikumwita kazini tena, wala parokia yote. Sifa za ubovu zina miguu. Zilivuka mpaka Kibera, na huko mjengoni vijana walimbandika jina la Plasta. "Plasta, leo umeanguka?" Alikuwa anacheka nao. Cucu Njoki alifariki miaka kadhaa baadaye. Waliokuwapo wanasema alifagia mpaka wiki ya mwisho, akaligusa jiwe lake kila asubuhi, na hakumsamehe baba yangu mpaka anaingia kaburini. Baba alihudhuria mazishi, akasimama nyuma kabisa ya watu, akachukua sepetu ilipofika zamu ya wanaume.

Na mimi, nilipokuwa msichana wa ishirini hivi, mwenye cheti na majivuno, tuligombana kwa jambo la kipuuzi na nikamwambia maneno haya: "Wewe hata ukuta wa kanisa ulikushinda." Baba akatabasamu akasema, "Huo haukunishinda." Nikadhani ni kiburi cha mtu asiyekubali kosa.

Baba alikufa mwaka jana. Tulimzika Bungoma, na mwiko wake ninao, umetundikwa jikoni.

Sasa nifike kwenye siku ile ile ya kijitabu. Shule ninayofundisha, kule Soweto East, hapo hapo Kibera, inajengewa mnara wa tangi la maji. Nilikuwa napita na daftari za watoto mkononi, bado nimevimba kwa hasira ya "mikono yao wenyewe", nikasikia harufu. Nikasimama kabla hata sijajua kwa nini. Fundi mmoja kijana alikuwa amechuchumaa kando ya mbao watakazomwagia simiti, anazipaka kitu cheusi kwa brashi, kutoka kwenye mkebe.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza, ingawa pua yangu ilishajua.

"Oili chafu, mathe."

"Ya nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa maji ni ya nini. "Ndio simiti isishike. Ukipaka hii, hata umwage aje, siku ya kutoa inaachia tu yenyewe. Kila fundi anajua hiyo."

"Na ukipaka jiwe?"

"Jiwe?" Akacheka. "Jiwe la Nairobi linakunywa oili ka sponji. Hapo huwezi piga plasta tena maisha. Nani anaweza fanya hivyo, kwani anataka ianguke?"

Nilikaa chini juu ya mfuko wa simiti, na daftari zote zikanitoka mkononi. Yule kijana akaniletea maji. Aliniuliza kama ni sukari au presha, nami sikuwa na namna ya kumweleza kwamba ni baba.

Kwa sababu sasa nilimwona. Nilimwona amepiga magoti, anaichovya brashi, anaiingiza ndani ya mistari ile mitatu mmoja mmoja ili hata chembe ya plasta isishike mle. Angeacha wazi, mwenyekiti angeleta mtu wa nyundo. Angefunika kama alivyoagizwa, Cucu angempoteza baba yake mara ya pili. Akafunika kwa namna ambayo isingedumu. Alijua itaanguka, na alijua ikianguka jina litakaloharibika ni lake. Angemwambia nani? Akimwambia Cucu mbele ya milango kumi na miwili, jioni hiyo hiyo mwenyekiti angekuwa na habari, na jiwe lingechapwa nyundo kesho yake. Alihitaji kufika nyumbani na kumnong'oneza mama mmoja mzee sentensi moja, na mimi nilikuwa nimemtangulia mbio. Na baadaye, Cucu aliposhuhudia kwamba baba yake amekataa kufunikwa, kusema kungemnyang'anya muujiza wake. Asante ya punda ni mateke, na mimi ndiye niliyekuwa na kwato.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kawangware na chaki bado ziko mfukoni.

Ua wa kayaba umekatwa, sasa ni ukuta na geti. Ndani, katibu wa kamati, kijana mpole wa shati jeupe, alikuwa na fundi mwenye drili. Kwenye meza kulikuwa na bamba jipya, kubwa kuliko la kwanza, lenye majina yale yale matano na maneno yale yale ya mikono yao wenyewe. Nikamuuliza wanaliweka wapi.

"Hapo nyuma ya benchi la tatu, auntie," akasema. "Hapo ndio shida yetu. Imezibwa mara sijui ngapi, haishiki. Kuna fundi wa zamani alikuwa mbaya sana, ata wazee bado wanamtaja. Sasa tunafunika na bamba, tunapiga skrubu, story kwisha."

Oili ya baba ilishinda simiti miaka yote hiyo. Lakini mbele ya skrubu isingefua dafu.

"Hapana," nikasema. Sauti yangu ilijaa kanisa zima, fundi akazima drili. Niliwaambia kila kitu, vibaya, bila mpangilio, kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa: Njoroge na tindo yake, kiboko cha kiazi, Cucu na kiganja chake, mwenyekiti na simiti yake. Niliwaambia kuta zote hizi, chini ya rangi yao ya krimu, zimejaa majina ya watu, na kwamba kijitabu chao kimewazika mara ya pili.

Katibu alisikiliza kwa adabu. "Auntie, naelewa," akasema. "Lakini hii ni historia. Unajua lazima kuwe na ushahidi. Iko mahali imeandikwa?"

Nikapiga magoti. Plasta ya mwisho waliyozibia ilikuwa imeshavimba. Niliingiza ufunguo wa nyumba pembeni, nikakongoa, ikaachia yote kipande kimoja na kunivunjikia mapajani. Mguu wa kuku ulikuwa pale pale, mweusi, kama siku ile.

"Kuja hapa," nikamwambia. "Piga goti. Nusa."

"Auntie?"

"Nusa jiwe."

Alimtazama fundi wa drili, akapandisha suruali yake magotini, akapiga goti, akainama mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Inanuka ka gereji," akasema polepole.

Fundi wa drili alikuwa amesogea. Aliligusa jiwe kwa kidole gumba, akakinusa. "Hii ni oili ya fomu, ile tunapakanga mbao za simiti," akasema. "Mtu alipaka kusudi. Huyu alikuwa fundi."

Katibu akatoa simu yake. Nilimtajia taratibu, kama ninavyowasomea watoto imla: kwamba jiwe hili lilichongwa na Njoroge, babake Njoki, na hiyo hapo ndiyo sahihi yake, kwamba yaliyobaki yalichongwa na wenzake, na majina yao yako chini ya plasta, kwamba aliyeliokoa hili moja anaitwa Wafula, fundi, aliyekuwa mpangaji.

"Wafula ni nani yako?" akauliza, kidole kimesimama juu ya simu.

"Ni baba yangu," nikasema. "Na uandike kwamba mimi ndiye niliyemsingizia."